Fremu ya meno bandia ya kuvua: yanayoamuliwa kabla diski haijaingia mashineni

Fremu, yaani kiunzi kinachobeba meno bandia na kuyashikiza kwenye meno yaliyobaki, ikitoka mashineni na ikakataa kukaa mdomoni, lawama huangukia mashine. Tunaofanya kazi hii tumejifunza kwamba mara nyingi mashine ilichonga kile kile ilichoambiwa. Kosa lilikwishafanyika siku nyingi nyuma: jino halikutayarishwa, njia ya kuvalia, yaani mwelekeo ambao fremu inaingia na kutoka mdomoni, iliachiwa programu ichague yenyewe, tundu kwenye skani lilizibwa kwa kukisia, au plastiki ilipewa vipimo vya chuma. Haya tunamwandikia daktari wa meno au fundi sanifu anayejiandaa kununua diski yake ya kwanza, lile bamba la mviringo la malighafi ambamo fremu huchongwa. Kila kosa hapa lina bei, na mwisho wa yote mlipaji ni mgonjwa, kwa fedha yake au kwa jino linalolegea.

Tuchukue taya ya chini ya aina inayoonekana sana kliniki. Kushoto gego la kwanza, 36, limeng'olewa, lakini 37 nyuma yake lipo (tarakimu ya kwanza ni robo ya mdomo, ya pili ni nafasi ya jino kuanzia katikati mbele). Kulia hakuna 45 wala 46, na 47 lililobaki limeinamia mbele na kuelekea ulimi, kama magego yanavyofanya yakikosa jirani kwa miaka. Kwa mpangilio wa Edward Kennedy wa mwaka 1925, hili ni daraja la tatu lenye pengo moja la ziada, maana kila pengo lina jino mbele na jino nyuma. Ni taya nzuri ya kuanzia kazi ya kompyuta, kwa sababu uzito wa kutafuna unabebwa na meno. Taya iliyokwisha magego yote ya nyuma, ambako fizi nazo zinabeba uzito, tutaigusa baadaye kwa sababu kanuni zake ni nyingine.

Kabla ya kushika skana kuna kipimo kimoja ambacho skana haiwezi kukupa. Mwambie mgonjwa ainue ulimi mpaka ncha iguse mdomo wa juu, kisha kwa kijiti cha kupimia fizi pima kutoka ukingo wa fizi hadi sakafu ya mdomo, nyuma ya meno ya mbele na pembeni. Upau unaopita upande wa ulimi kuunganisha fremu kulia na kushoto una kimo cha milimita 4 hivi, na unatakiwa ukae milimita 3 hadi 4 chini ya ukingo wa fizi. Ukipata 7 au 8, upau unawezekana. Ukipata 5, usijilazimishe. Tumia bamba linalopanda mpaka kwenye migongo ya meno. Kichwa cha skana kinaisukuma sakafu ya mdomo chini, hivyo kwenye skrini utaona nafasi tele ambayo ulimi ukifanya kazi haipo. Upau uliochorwa kwa kuamini picha hiyo hukata chini ya ulimi ndani ya siku chache, na mgonjwa huuacha nyumbani kwenye glasi.

Pia piga eksirei ya meno yatakayoshika fremu. Jino linalotikisika, au lililobakiwa na mfupa kidogo, likiwa ndilo nguzo yako, usichonge fremu ya gharama. Sahani ya akriliki yenye vibanio vya waya, ile mikono inayokumbatia meno, bado ni jibu halali kabisa kwa mdomo ambao unajua utapoteza jino jingine karibuni, kwa kuwa kuongeza jino kwenye akriliki ni kazi ya siku moja. Kwenye fremu ya kuchongwa mara nyingi ni kuanza upya.

Sasa skani, nazo ni mbili. Ya kwanza hufanywa kabla ya kugusa meno kwa biti, na kazi yake ni kusoma taya tu. Wengi huiruka ili kuokoa muda wa kiti, wakaskani mara moja baada ya kuandaa meno kwa macho. Hapo ndipo fundi huletewa faili ambalo halina njia ya kuvalia hata moja inayowezekana, na daktari hawezi tena kumwita mgonjwa bila aibu na gharama. Skani ya kwanza ukiifungua kwenye programu, bila kuchora chochote, itakuonyesha kwa rangi mahali ambapo kila jino lina uvungu, yaani ile sehemu iliyo chini ya mstari ambapo jino ni nene kuliko kote, na uvungu huo una kina gani.

Programu nyingi zina kitufe cha kutafuta njia ya kuvalia zenyewe. Usikiamini. Kinachotafutwa na kitufe hicho kwa kawaida ni mwelekeo wenye uvungu mdogo kwa jumla, na wewe unachohitaji ni mwelekeo wenye uvungu wa kutosha pale kibanio kitakaposhika na usio na uvungu pale fremu itakapoteleza. Anza na uso wa kutafunia ukiwa umelala sawa, kisha inamisha kidogo kidogo. Kuinamisha kupita kiasi ni mtego, kwa sababu rangi itabadilika na utaona uvungu mzuri kwenye jino ambalo kwa kweli halina. Ugali, muhogo au pipi ya kutafuna huivuta fremu kwenda juu moja kwa moja, bila kujali njia uliyochora. Jino lisilo na uvungu taya ikiwa imelala sawa halitashika kitu.

Kwa taya yetu, 47 ndilo litakaloamua. Limelalia upande wa ulimi, kwa hiyo upande wa shavu hakuna uvungu, na upande wa ulimi upo mwingi kupita kiasi. Ukichora kibanio cha kawaida chenye mkono wa kushika upande wa shavu, kitateleza kama hakipo. Kwa chuma cha kobalti-kromu wengi huzungusha kibanio cha pete kinachoanzia mbele upande wa shavu, kikapita nyuma ya jino na kushika mbele upande wa ulimi. Kwa PEEK, ile plastiki ya kuchonga fremu, tusingefanya hivyo, sababu inakuja. Tungegeuza kibanio: mkono mfupi wa kushika upande wa ulimi na mkono wa kukinga, unaozuia jino lisisukumwe, upande wa shavu, baada ya kulipunguza jino kidogo upande wa ulimi.

Ukishakubali njia, ndipo unaandaa mdomo, na mpangilio wa kazi hauchezewi. Kwanza nyuso za kuongozea, zile kuta bapa zinazotazamana na pengo, kimo cha milimita 2 hadi 3, zote zikielekea njia moja. Pili, kushusha mstari wa unene pale ulipo juu mno. Mwisho kabisa viti vya vitulio, yaani vile vibakuli vidogo juu ya jino ambamo fremu inapumzika ili isizame kwenye fizi. Ukianza na viti, uso wa kuongozea utakula ukingo wa jino na kiti kitabaki chembamba.

Kiti cha kitulio kiwe na kina cha milimita 1 hadi 1.5 ukingoni mwa jino, kizidi kuzama kadiri kinavyoelekea katikati, ili pembe kati ya sakafu ya kiti na ukuta wa pengo iwe chini ya nyuzi 90. Kiti kinachoteremka kuelekea pengo hulisukuma jino kila mgonjwa anapotafuna. Kwa 47 lililoinamia mbele, kiti kirefushwe kivuke katikati ya jino, ili uzito ushuke kufuata mzizi badala ya kulilaza jino zaidi. Na hili ni la wanaochonga peke yao: usiache kona kali ndani ya kiti. Biti ndogo ya mashine mara nyingi ina kipenyo cha milimita 1 au 0.6, na mashine haiwezi kuchonga kona kali kuliko mviringo wa biti yake. Programu inapokutana na kona hiyo ama inaacha nyama ya ziada, na kitulio kinaning'inia, ama inakata zaidi ili biti ipite, na kitulio kinakuwa chembamba mahali kinapohitaji nguvu. Maliza kiti kwa biti ya mviringo, kisha kikwaruze kwa upole na kijiti cha chuma cha kuchunguzia meno ukihisi kama kuna kingo.

Hakikisha pia jino la juu linaacha nafasi. Mpe mgonjwa nta laini aume, kisha pima unene wake kwenye kiti. Chuma kinataka angalau milimita 1. PEEK inataka zaidi, milimita 1.5 na kwenda juu, na ukiikosa rudi kwenye jino kabla hujaskani. Jino ambalo halina uvungu unaweza kuliongezea kompositi (resini ya kuzibia meno) kidogo, ukaing'arisha. Kwa wagonjwa waliokulia maeneo yenye floraidi nyingi majini, kama sehemu za Arusha na Kilimanjaro, meno yenye madoa na vishimo hayashiki kompositi vizuri kwa namna ya kawaida. Ondoa tabaka la juu, ongeza muda wa asidi, na usikiache kibanio kikwaruze juu ya enameli inayobanduka. Kila mahali ulipokata, ng'arisha na upake vanishi ya floraidi.

Skani ya pili ndiyo itakayokuwa fremu. Kausha jino baada ya jino, kwa kuwa mate yakijaa ndani ya kiti cha kitulio, skana huona uso wa mate na si sakafu ya kiti. Anza na uso wa kutafunia, rudi kwa upande wa ulimi, malizia shavuni. Pengo refu lenye fizi laini isiyo na alama huichanganya skana, ikaunganisha picha vibaya na kuivuta taya nzima. Vidonge vidogo vya kompositi nyepesi juu ya fizi, ambavyo huondolewa baadaye, vinaipa kitu cha kushika. Ukimaliza, zungusha picha na utafute matundu, hasa kwenye nyuso za kuongozea na chini ya meno yaliyoinama. Programu huyaziba matundu kwa uso laini unaopendeza, na uso huo haupo mdomoni. Rudi ukaskani pale. Dakika mbili za ziada hapo zinaokoa diski nzima.

Kliniki isiyo na skana ya mdomoni haijafungiwa mlango. Chukua alama kwa silikoni, mimina plasta ngumu ya daraja la 4, na fundi askani modeli. Ukitumia aljineti, mimina mara moja, ndani ya dakika kumi hivi, kwani ikikauka husinyaa na ikiloweshwa huvimba. Na kwa taya ambayo magego yote ya nyuma yamekwisha, upande mmoja au pande zote mbili, sisi tunapendelea njia hii hata pale skana ipo. Skana huona fizi ikiwa imetulia, lakini chini ya uzito wa kutafuna fizi hubonyea na jino halibonyei hivyo. Fremu iliyojengwa juu ya fizi iliyotulia huzama nyuma na kulipinda jino la mwisho kila siku. Alama inayochukuliwa kwa fremu yenyewe ikiwa imekaa kwenye vitulio vyake, na trei ikiibonyeza fizi kwa kiasi, bado haijapata mbadala unaoturidhisha.

Anayetuma kazi kwa fundi wa mji mwingine atume faili la taya ya juu, la taya ya chini, na la meno yakiwa yamekutana, pamoja na picha za mdomoni na karatasi ya maelekezo: namba za meno ya kushika, mahali pa kila kitulio, kina cha uvungu, upau au bamba, na jina la malighafi. Faili tupu lenye maneno "tengeneza fremu" linamwachia fundi kubuni tiba, na hiyo si kazi yake.

Tufike kwenye malighafi, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. PEEK ni plastiki nyepesi, haina ladha ya chuma, na rangi yake haimulikii watu mgonjwa anapocheka. Huchongwa vizuri hata na mashine ndogo za mezani. Kwa hayo yote tunaipenda. Lakini ukakamavu wake ni kama gigapaskali 4, na wa kobalti-kromu unazidi 200. Yaani chuma ni kikakamavu karibu mara 50. Ukakamavu wa kipande unakua kwa unene ukizidishwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo ukiongeza unene mara mbili unapata mara 8 tu. Ili upau wa PEEK uwe mgumu kama upau wa chuma wa milimita 2, ungehitaji unene unaozidi milimita 7, na hakuna mdomo wenye nafasi hiyo. Maana yake ni kwamba huwezi kuunenepesha mchoro wa chuma ukauita wa PEEK. Badili mchoro: bamba badala ya upau, mapengo mafupi, vitulio vingi vilivyogawanyika vizuri, na matandiko (sehemu zinazokalia fizi na kubeba meno bandia) mafupi yasiyoning'inia nyuma.

Vibanio ni vivyo hivyo. Cha kobalti-kromu hushika kwenye uvungu wa milimita 0.25. Ukikipeleka ndani zaidi kwa chuma hicho, unaling'ang'aniza jino na kibanio huchoka kikavunjika. Cha PEEK kipeleke kwenye milimita 0.5, kiwe kinene na kipana zaidi, na kiwe kifupi, kwa sababu mkono ukirefuka mara mbili nguvu yake hupungua mara 8. Ndiyo maana tulikataa pete kwenye 47. Hata kwa unene wa milimita 1.5, kibanio cha plastiki hushika kwa nguvu ndogo kuliko cha chuma cha milimita 1. Mgonjwa aambiwe hivyo mapema. Kwa jino lenye fizi dhaifu upole huo ni neema. Kwa mtu mwenye pengo refu na chakula kinachonata ni malalamiko.

Jambo la usalama lisisahaulike. PEEK tupu haionekani kwenye eksirei. Kifremu kidogo cha upande mmoja kikimezwa au kikiingia njia ya hewa, daktari wa hospitali hatakiona kwenye picha. Fremu ivuke upande wa pili wa taya hata kama pengo ni moja.

Kwenye mchoro wenyewe, ziba uvungu wote usioutaka kwa kufuata njia ya kuvalia, isipokuwa ncha za vibanio. Acha nafasi ya milimita 0.25 au 0.3 chini ya upau usiguse fizi, na kati ya nusu milimita na milimita 1 chini ya wavu utakaoshika akriliki, la sivyo akriliki haitazunguka wavu na tandiko litabanduka. Mahali chuma au PEEK inapokutana na akriliki pachorwe ngazi ya pembe mraba. Akriliki inayoishia kwa ukingo mwembamba hupasuka na kuingiza rangi ya chai.

Kupanga fremu ndani ya diski ni kazi inayodharauliwa. Diski za kawaida zina kipenyo cha takriban milimita 98, na fremu ya taya nzima hujaza sehemu kubwa yake. Mara nyingi diski moja inatoa fremu moja, na zaidi ya nusu inabaki kama makombo. Hesabu diski nzima kwenye bei yako, pamoja na biti, ada ya mwaka ya programu, na fremu ya kurudia. Anayehesabu uzito wa PEEK iliyobaki kwenye fremu tu atafanya kazi kwa hasara mpaka afunge.

Pima kimo cha fremu kabla ya kuchagua unene wa diski. Taya ya chini yenye bamba na vibanio vya nyuma mara nyingi haiingii kwenye diski ya milimita 16, itataka 20 au 25. Fremu ina uvungu juu na chini, hivyo mashine ya mihimili (mielekeo ya mwendo) minne hukwama pale ambapo ya mihimili mitano inainama ikafika. Vishikio vinavyoifunga fremu kwenye diski viwekwe kwenye wavu na kwenye ukingo wa nje wa bamba. Visiwekwe kwenye ncha ya kibanio wala kwenye uso wa kitulio unaogusa jino. Ongeza daraja la muda linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto, ulikate mwisho kabisa, maana kila malighafi inayochongwa huachia mkazo wake na taya yenye umbo la kiatu cha farasi hupenda kufunguka au kujifunga.

PEEK huanza kulegea karibu na nyuzijoto 143 na kuyeyuka 343. Biti butu, au ile ya almasi iliyotoka kuchonga zirkonia, haikati, inasugua, na joto linapanda hapo hapo. Utaona uso wenye manyoya na uchafu ulioshikamana. Weka biti za plastiki peke yake, zile zenye ukingo mmoja wa kukatia, na andika saa zilizofanya kazi. Kwa umeme wetu wa Afrika Mashariki, UPS, betri ya akiba, si anasa, na iibebe kompresa pia. Wengi huiunga mashine na kuisahau kompresa. Umeme ukikatika, hewa inashuka, mashine inasimama katikati ya pasi ya mwisho, na ikianza tena inaacha ngazi kwenye kibanio. Ngazi hiyo ndipo kibanio kitakapovunjikia.

Wanaotaka chuma watauliza kama nacho kichongwe. Kinachongwa, lakini kinataka mashine nzito yenye maji, saa nyingi, na biti zinazokwisha upesi, na makombo ya diski ya kobalti-kromu ni hasara tupu. Kwa fremu za chuma, kuyeyusha unga kwa leza, tabaka juu ya tabaka, ni njia yenye akili zaidi, maana unga uliobaki huchekechwa ukatumika tena. Sharti fremu ipashwe moto kwenye tanuri la gesi ya ajizi ikiwa bado kwenye bamba lake, kabla ya kukatwa, ili mkazo utoke. Njia ya katikati inayofaa karakana yenye tanuri la zamani ni kuchonga fremu kwa nta na kuimimina kama kawaida. Ukitumia PMMA, yaani plastiki ya akriliki, badala ya nta, pandisha joto polepole, maana hutanuka na kuipasua chokaa ya kumiminia.

Fremu ikishatoka, kata kishikio kimoja kulia, kimoja kushoto, kwa mwendo mdogo bila kuipinda. Ijaribu kwenye modeli, lakini kumbuka kwamba modeli iliyochapwa kutoka faili lile lile la skani itakuwa na kosa lile lile la skani. Fremu inaweza kukaa juu yake bila dosari na ikakataa mdomoni. Ndiyo sababu kwa kazi kubwa tunashauri kuchapa kwanza fremu ya majaribio ya resini ya bei nafuu. Itakuonyesha kama vitulio vinafika chini. Usipime nayo mshiko wa vibanio, maana resini si PEEK.

Mdomoni, paka silikoni nyepesi chini ya fremu, bonyeza juu ya vitulio peke yake, wala usibonyeze wavu. Ikishakauka, itoe utazame. Silikoni chini ya kitulio iwe nyembamba kiasi cha kuona kupitia. Ikiwa nene, tafuta mahali ilipotoboka kabisa, mara nyingi ni kwenye uso wa kuongozea au chini ya bega la kibanio, ondoa kidogo hapo, rudia. Anayekimbilia kusaga kitulio chenyewe anaondoa kitu pekee kilichokuwa sawa. Angalia pia meno ya asili yanavyokutana fremu ikiwa ndani na ikiwa nje. Alama za karatasi ya rangi zifanane.

Akriliki haishiki PEEK kwa hiari. Puliza mchanga wa alumina wa mikroni 110 kwa shinikizo la bar 2 hadi 3, safisha, paka praima iliyotengenezwa kwa PEEK, ikaushe kwa taa kama mtengenezaji anavyosema, na usiiguse tena kwa kidole. Hata hivyo acha wavu au matundu, maana gundi peke yake haitoshi. Maji yanayochemka ya kupikia akriliki hayaidhuru fremu. Kung'arisha ndiko kunakoidhuru. Brashi ya manyoya, unga wa pumisi uliolowa, mwendo mdogo, bila kung'ang'ania sehemu moja.

Siku ya kukabidhi, mfundishe mgonjwa kuivaa kwa vidole viwili. Wengi huiweka juu ya meno na kuuma mpaka ishuke, na hivyo ndivyo vibanio na vitulio huvunjika. Aitoe usiku, aisafishe juu ya beseni lenye maji ili ikidondoka isivunjike, asitumie maji ya moto, na kama fremu ni ya kobalti-kromu asiiloweke kwenye dawa ya klorini ya kufulia, inakila chuma. Mpe tarehe ya kesho au keshokutwa, kisha ya baada ya wiki. Vidonda vya mwanzo ni vya kawaida na hupunguzwa kwa dakika chache, lakini mgonjwa asiyepewa tarehe hudhani ndivyo ilivyo na huiacha kabatini.

Kibanio cha PEEK kikilegea, koleo halitasaidia, kwani hakikunjiki baridi na kubaki. Hapo faili lililohifadhiwa linalipa gharama zake, ila tu baada ya kuskani upya meno ya kushika na kulilinganisha na la zamani. Gego kama 47 letu likisogea hata kidogo katika mwaka huo, fremu mpya kutoka faili la zamani itazaliwa imekosea. Kwa matandiko marefu ya nyuma, kila ziara bonyeza tandiko kwa kidole na utazame kitulio cha mbele. Kikipanda, fizi imeshuka. Tandika akriliki upya sasa, ukiwa umeishikilia fremu kwenye vitulio, kabla jino la mwisho halijaanza kutikisika.